Si mafuta yote mekundu yanafaa giaboksi otomatiki

Ujumbe mmoja haukomi kuzunguka kwenye makundi ya madereva wa Goma: ukifunga giaboksi otomatiki nyingine, jaza mafuta yoyote mekundu, yote ni mamoja.

Sivyo. Wekundu ni rangi tu, huongezwa kiwandani ili yasichanganywe na ya injini, na hapo ndipo watu hukanganyikiwa. Aina hutofautiana kwa uzito na viambato. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua kwa hatua, zina mafuta yake kabisa. Ukikosea, gari huchelewa kushika gia au hushtuka kila linapobadili, kisha lawama humwangukia aliyeuza giaboksi, maskini. Aina sahihi imeandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi hata kwenye kijiti cha kupimia. Magari mengi hupimwa injini ikiwaka, mafuta yakiwa moto, mahali tambarare.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.