Adabu iko kwenye kupakua, si kwenye kumaliza sahani

Naomba tulimalize hili. Mtu kaalikwa chakula cha mchana kwa rafiki, au futari kwa jirani, kawekewa kitu ambacho roho yake haikitaki, na kila anayemuuliza anampa ushauri uleule: kula tu, maliza, ndiyo heshima. Nimeusikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wazima wanaojua kukaa na watu. Sisi tunaopika na kupakua ndio tunaouona mwisho wake. Sahani imejaa, mgeni anameza bila kutafuna, maji yanashushwa baada ya kila tonge, machozi yanamlenga, na mwenye nyumba aliyekaa mkabala naye anaona kila kitu. Chakula chake mwenyewe hakimshuki. Heshima iko wapi hapo? Aliyepika huutazama uso wa mgeni kwanza, sahani baadaye.

Halafu kuna jambo ambalo washauri hao hawalisemi. Kwetu sahani tupu ni ombi. Ukiumaliza mlenda mbiombio ili mateso yaishe, upawa unarudi palepale na "ongeza kidogo, hujala kitu". Utakataa vipi ilhali umekimaliza kwa kasi ile? Unapakuliwa mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo unayoiacha nusu, imechovywachovywa, haifai tena kwa mtu mwingine. Umekula usichokitaka mara moja na nusu na bado umemwaga chakula.

Kabla sijaendelea, niwatoe wawili kwenye mjadala huu. Mwenye mzio wa pweza, kamba au karanga hahusiki na adabu ya kuonja: aseme wazi, asionje hata kidogo, na aulize kuhusu kisamvu na mchicha, maana karanga zilizosagwa hazionekani. Na mwenye katazo la dini naye aseme mapema tu, kwa kauli moja. Ninaowazungumzia ni wale ambao kitu hawakipendi, basi.

Kazi kubwa hufanyika kabla hujafika. Ukialikwa Jumapili, sema Ijumaa, palepale unapoitikia mwaliko: "Nitakuja, inshallah, ila mimi samaki situmii, usinihangaikie, wali na mboga vinanitosha." Siku hiyo maneno hayo hayamgharimu mwenyeji chochote, kwa sababu sokoni hajaenda. Ukiyasema Jumapili saa sita mchana, nyama imeshalala na viungo tangu usiku, nazi imeshakunwa, tui la kasimile limeshaingia chunguni, na kinachobaki ni mtoto kutumwa dukani mbio kununua mayai ili mgeni akaangiwe. Wote wanakusubiri huku chakula kinapoa. Neno ni lilelile, siku ndiyo imekosewa.

Wengi hawasemi mapema kwa kuona haya, kwa hiyo tuje mezani.

Ukipakuliwa na mtu, una nafasi moja tu, nayo ni fupi: sahani ikiwa bado mkononi mwa mpakuzi na upawa haujazama. Hapo sema, "Nipakulie kidogo, nitaongeza mwenyewe." Usiseme "sitaki", wala usiitandaze mikono juu ya sahani kama unayezuia kipigo. Kidogo maana yake nusu upawa wa mchuzi, au vijiko viwili vya mboga. Kisha ongeza ombi ambalo watu hulisahau, na ndilo linalookoa: mchuzi uwekwe pembeni, au kwenye kibakuli. Mchuzi wa papa ukishamwagiwa juu ya wali, wali wote umekuwa papa, huna tena pa kukimbilia. Ukiwa pembeni unachovya unavyotaka na wali unabaki wali. Biriani haina shida hii, maana wali na rojo hukaa mbalimbali tangu jikoni. Pilau ndiyo ngumu, kwa sababu nyama imeshaivia humo na supu yake ndiyo iliyoupika mchele. Asiyependa harufu ya mbuzi hawezi kuikwepa kwa kuitoa minofu, na ni bora aombe kidogo tangu mwanzo, kachumbari nyingi.

Ukijipakulia mwenyewe kutoka kwenye hotpoti, sina la kukufundisha. Chukua unachokula. Kosa la hapo ni moja: kukipita chakula kimoja waziwazi, kwa kuruka chombo na kukunja pua. Weka kijiko kimoja, endelea.

Sinia ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mmekaa wanne hadi sita, kila mtu anakula mbele yake, kitoweo kipo katikati. Aliyezoea sahani anadhani sinia ni mtego, kumbe ndiyo salama kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayehesabu vipande vyako. Kula wali wa upande wako na kachumbari, katikati usiguse, na mlo utakwisha bila mtu kusema neno. Shida inakuja pale mkubwa wa sinia anapochambua nyama au samaki na kumrushia kila mtu fungu lake. Ni ukarimu, huwezi kumzuia mkono. Kipande kikidondoka mbele yako na hukitaki, kisogeze kwa jirani mapema, vidole vyako vikiwa bado havijafika mdomoni, na useme, "Hiki endelea nacho wewe, mimi niko na wali." Ukishaanza kula umechelewa: vidole vimeshapata mate na kipande hicho hakipokeleki tena. Kiache kilipo, kula pembeni yake.

Usikifukie chini ya wali. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu naona watu wenye akili zao wanafanya. Sinia hulika kuelekea chini, wali unapungua, na kipande kinafichuka mbele ya macho ya watu watano, kimepoa, kimezungukwa na punje. Bora kingekaa juu tangu mwanzo. Usichokoe pia upande wa mwenzio kutafuta kiazi, na ukishalitia tonge mdomoni halirudi siniani, liwe baya vipi. Na usiwe wa kwanza kuomba maji ya kunawa. Mmoja akinyanyuka mapema, wengine hujihisi wameachwa na mkubwa naye huacha kula. Fanya matonge madogo, ya ncha za vidole, tafuna taratibu, uende nao mpaka wakubwa wamalize.

Sasa tuseme kuonja hakuepukiki. Kuonja kwa heshima ni matonge mawili au matatu, na kuna namna ya kuyala ili yapite.

Mlenda na bamia vinachukiwa kwa utelezi, si kwa ladha. Kosa ni kutengeneza tonge dogo na kulizamisha lote. Fanya kinyume: tonge la ugali liwe kubwa kidogo, libonyeze kishimo kwa dole gumba, gusisha ncha tu, kata ule uzi wa mlenda kwa kuzungusha mkono ukingoni mwa bakuli, peleka mdomoni wakati ugali bado wa moto. Mlenda uliopoa huvutika zaidi, kwa hiyo anayesitasita ndiye anayejiongezea tabu.

Samaki anachukiwa kwa shombo. Kamulia ndimu, tena mapema, kwa sababu uchachu wake ndio unaoifunga harufu ile isiruke puani. Pilipili huipoteza kidogo tu. Chagua mnofu wa mgongoni, acha ngozi na tumbo, ambako ndiko kwenye mafuta na harufu kali. Kwa jodari, acha ule mnofu mweusi wa pembeni mwa mfupa. Nyama ya mbuzi na ya kondoo uile ikiwa ya moto. Mafuta yao hugandia kwenye kaakaa yakipoa, na hapo hata anayewapenda hukunja uso. Maini hayana dawa. Yakipoa huwa makavu na ya ungaunga, yakiwa ya moto bado ni maini. Kipande kimoja, umemaliza.

Visingizio. Hivi ndivyo vinavyonikera kuliko sahani yoyote iliyoachwa. "Nina vidonda vya tumbo" ni uongo unaodhaniwa mdogo. Mwenyeji wako atatafuta maziwa, atakuchemshia ndizi, atakuuliza umeenda hospitali gani, na miaka miwili baadaye bado atakutengea chungu chako kisicho na pilipili huku ukimeza mate kwa achari ya wenzio. "Nimefunga" usiitamke kabisa kama hujafunga. Na "nimekula nyumbani" kwa mtu aliyealikwa ni tusi. Maana yake hukukiamini chakula ulichoitiwa. Mpita njia aliyekuta watu wanakula, akaambiwa karibu, anaweza kujibu "starehe" na kuendelea na safari yake, hakuna atakayenuna. Wewe uliyepikiwa huna ruhusa hiyo.

Kauli fupi ya kweli inatosha: "Mimi si mlaji wa hiki, lakini hiki kingine nakifaidi." Semeni nusu ya pili kwa sauti zaidi kuliko ya kwanza, na mkile hicho kingine kweli. Mwenyeji akiona wali unashuka vizuri, moyo wake unatulia.

Wapo wanaoniletea dini kutetea kumeza kwa nguvu. Waislamu tumefundishwa kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Alikiacha, jamani. Na habari ya mjusi wa jangwani aliyechomwa, nyumbani kwa mkewe Bi Maymuna, inajulikana. Mtume alinyoosha mkono, akaambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Sahaba wake Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu hapana, ila hakipo katika nchi ya watu wake na nafsi yake haikipendi. Khalid akakivuta kwake akala, na Mtume akimtazama. Angalieni alichokifanya: sababu aliisema alipoulizwa, hakumzuia mwingine, hakukisema vibaya. Wakristo nao hunikumbusha Paulo na "kuleni kila kiwekwacho mbele yenu". Lakini Wakorintho aliowaandikia maneno hayo walikuwa wanahangaika na nyama iliyotolewa kwa sanamu, jambo la dhamiri. Paulo hakuwa anamhukumu asiyependa utumbo.

Kuna mahali nakiri sina kanuni. Umefika kijijini, mama mwenye kuku watatu kakuchinjia mmoja, na firigisi imewekwa juu ya sahani yako. Kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya firigisi ina mwenyewe: mkuu wa nyumba, au mgeni anayeheshimiwa. Kuikataa si kukataa nyama, ni kukataa nafasi uliyopewa. Mimi naegemea kuila, maana ni matonge mawili na ukiikata nyembamba haishindi mtu. Ikikushinda kabisa, ipokee kwanza kwa mkono wa kulia, shukuru, kisha umwombe mzee aliyepo akusaidie. Wazee wengine hufurahi, wengine hununa, na huwezi kujua uko mbele ya yupi mpaka umeshasema. Kwa hiyo yote niliyoandika juu ya kuacha, hapo yananilegea mkononi.

Wenyeji nao wana sehemu yao, nayo ni fupi. Ulizeni mnapoalika: kuna usichotumia? Wekeni kitu kimoja kisicho na mjadala, wali mweupe au ndizi, hata kama mmepika vitano. Na acheni kuuliza "mbona huli?" mbele ya watu. Mkono wa mgeni ukisita, msogezeeni chombo kingine, nyamazeni. Watoto wa wageni msiwalazimishe kabisa. Mtoto aliyelazimishwa hutapika, na atatapika kwenye mkeka wenu.

Kusifia. Mwenye nyumba atauliza, "Vipi, kizuri?" Usikisifie ulichokichukia, kwa sababu utapikiwa tena, tena kingi, na kwa mapenzi. Taja ulichokila kweli na ukitaje kwa jina lake: wali umechambuka, kachumbari imekolea ndimu, chapati zina tabaka. Mpishi anajua tofauti kati ya sifa hiyo na "chakula kizuri sana" ya jumla, ambayo hata aliyeacha sahani nzima huisema.

Mwishowe huenda ukafungiwa chakula cha kubeba, na mara nyingi ni kilekile ulichokionja kwa shida. Kipokee. Hicho si chako peke yako, ni cha nyumba yako, na kwako yupo anayekipenda. Kama hayupo, jirani yupo, ila mpe siku ileile, maana chakula cha nazi hakilali. Bakuli likirudi kwa mwenyewe lirudi limeoshwa, na usilirudishe tupu: tia ndimu tano, embe, au vitumbua kama umepika.