Kwa nini baridi yabisi hula mfupa: jeni na ishara za seli

Chukua eksirei ya mkono wa mtu aliyekaa na baridi yabisi ya rumatoidi miaka miwili mitatu bila tiba. Angalia shina la kidole cha shahada na la kidole cha kati. Pembeni, pale gegedu (tishu laini inayofunika ncha ya mfupa) inapoishia, mfupa una pengo dogo kama muhogo uliopitiwa na panya. Pengo hilo huitwa mmomonyoko, na likishatokea ni nadra sana kujaa tena.

Jina la ugonjwa linapotosha. Si baridi ya maji wala ya usiku inayoula mfupa, bali ni seli za mwili wenyewe. Osteoklasti ni seli za kawaida kabisa: kila siku zinavunja mfupa mkongwe ili mpya ujengwe. Katika rumatoidi zinapewa amri nyingi kupita kiasi, tena mahali pasipostahili.

Chanzo cha amri hizo kwa sehemu kiko kwenye jeni. Iliyo na uzito kuliko zote ni HLA-DRB1, kwenye kromosomu ya 6. Protini yake ni kama sinia: seli huweka juu yake vipande vya protini, na seli T, askari wa kinga, hupita zikikagua kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni. Mwaka 1987 Gregersen, Silver na Winchester walionyesha kwamba matoleo ya jeni hii yanayoambatana na rumatoidi yana mfuatano mmoja wa asidi amino unaofanana, nafasi ya 70 hadi 74. Nafasi hizo ziko kwenye ukuta wa kishimo kinachoshika kipande, na katika matoleo ya hatari kishimo hicho kina chaji chanya. Arjinini, mojawapo ya asidi amino, nayo ina chaji chanya, kwa hiyo haikai vizuri humo. Ila vimeng'enya vinavyoitwa PAD vikiigeuza arjinini kuwa sitrulini, chaji inapotea na kipande kinatulia. Seli T zinaonyeshwa kitu ambacho kwa kawaida zisingekiona, na kinga inaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya sitrulini. Hizo ndizo zinazopimwa kwa jina la anti-CCP, na huweza kuwemo kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole hakijavimba.

Sitrulini nyingi hutokea kwenye mapafu ya mvutaji sigara na kwenye fizi zenye ugonjwa. Utafiti wa Uswidi uliotoka mwaka 2006 ulikuta kwamba mvutaji mwenye nakala mbili za toleo la hatari alikuwa na uwezekano mara 21 wa kupata rumatoidi yenye kingamwili hizo, akilinganishwa na asiyevuta na asiye na toleo hilo.

Jeni nyingine ni PTPN22. Hii ni breki ya seli za kinga. Badiliko la asidi amino moja tu, nafasi ya 620, hubadilisha utendaji wake. Toleo hilo ni la kawaida Ulaya ya kaskazini lakini karibu halipo kabisa kwa watu wenye asili ya Afrika, na hata toleo la hatari la HLA-DRB1 kwao ni haba kuliko kwa Wazungu. Kwa hiyo kipimo cha jeni kikitoka safi, hakimwondolei mgonjwa wa Tabora au Kisumu ugonjwa huu. Pia jeni si hukumu: pacha mmoja wa kufanana akiwa nao, mwenzake huupata kwa takriban 15 kati ya 100.

Sasa ndani ya kiungo. Utando wake kwa kawaida una safu moja hadi tatu za seli; ukivamiwa na seli za kinga hufikia kumi na zaidi, ukawa nyama laini inayotambaa juu ya gegedu. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, humwaga TNF na IL-6, protini za kuchochea uvimbe. TNF ikinasa kwenye kipokezi chake, ndani ya seli protini iitwayo NF-kB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza TNF na IL-6 zaidi, moto unaojichochea wenyewe. IL-6 hutumia njia ya JAK, vimeng'enya vilivyokaa chini ya kipokezi na kupeleka habari ndani. Seli za utando nazo hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoipa gegedu uimara, pamoja na protini iitwayo RANKL.

RANKL ndiyo amri yenyewe. Ikigusa seli changa za damu, zinaungana na kuwa osteoklasti moja kubwa yenye viini vingi. Hiyo hujibandika kwenye mfupa, huziba ukingo wake, kisha humwaga asidi inayoyeyusha madini na kimeng'enya kinachokata kolajeni. Wakati huohuo protini ya DKK1 huzuia seli zinazojenga mfupa. Ndiyo maana pengo halijai. Na huanzia ukingoni kwa sababu hapo mfupa hauna gegedu ya kuukinga.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza muda. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini RANKL inaendelea na kazi. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, hupunguza mmomonyoko, na dozi yake ni mara MOJA kwa wiki, kwa kawaida miligramu 7.5 hadi 25, pamoja na asidi ya foliki. Anayeimeza kila siku kwa makosa hupata vidonda vya mdomo, uboho hushindwa kutengeneza damu, na anaweza kufa. Mjamzito haitumii kabisa. Dawa za kuzuia TNF hufanya kazi vizuri, ila TNF hiyohiyo ndiyo inayofungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Kwetu, kupima TB kwanza si jambo la kuruka. Dawa ya tofasitinibu huzuia JAK, na hiyo pia hudai kipimo hicho.

Dawa ya denosumabu ina funzo lake: huzuia RANKL peke yake. Mmomonyoko hupungua, lakini uvimbe unabaki na gegedu inaendelea kuliwa, kwa kuwa gegedu ina wakataji wengine.

Ukipelekwa eksirei, omba mikono yote miwili na nyayo zote mbili. Shina la kidole kidogo cha mguu mara nyingi humomonyoka mapema, hata kama mguu hauumi.