Je, wajua? Nasaba ya Waingereza imeficha unyayo wa ndege

Kwa Kiingereza, nasaba ya mtu huitwa "pedigree". Siku hizi neno hili wamelizoea zaidi wafugaji wa mbwa na farasi wa mbegu bora, lakini lilianza kwa binadamu, na ndani yake kuna ndege aitwaye korongo.

Chukua karatasi. Andika jina la babu juu, na chini yake majina ya wanawe watatu. Sasa teremsha mistari mitatu kutoka kwa babu: mmoja wima, miwili ikitanuka kushoto na kulia. Ziba majina kwa kiganja, uitazame mistari peke yake. Umeona? Huo ni unyayo wa ndege kwenye tope. Korongo wa Ulaya ana vidole vitatu virefu mbele, na cha nyuma ni kifupi, kimeinuka, hakigusi ardhi vizuri. Ndiyo maana alama anayoiacha ni mistari mitatu tu.

Makarani wa zamani waliokuwa wakichora koo za wakubwa waliuona mfanano huo. Baada ya Wanormandi, watu wa Normandi kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilitawala ikulu na mahakamani kwa muda mrefu, na kwa Kifaransa hicho mguu wa korongo ni "pé de grue". Waingereza walilichukua jina hilo kuitia michoro ya nasaba, na kufikia karne ya 15 walikuwa wakiliandika kwa tahajia za kila namna, hadi korongo mwenyewe akapotea masikioni.

Michoro ile haikuwa mapambo. Ardhi na cheo vilirithiwa kwa damu, kwa kawaida na mwana wa kiume wa kwanza, hivyo mstari mmoja kwenye ngozi ya kuandikia ungeweza kuamua nani mrithi na nani mpangaji.

Masharifu wa pwani yetu huiita hati ya nasaba yao shajara, neno la Kiarabu lenye maana ya mti. Nami nawapa makarani wale haki yao: mti huota kwenda juu, ilhali unyayo wa korongo unateremka, kutoka kwa mzazi hadi kwa watoto, vilevile tunavyousoma ukoo kwenye karatasi.

Korongo huyohuyo, kwa shingo yake ndefu, ndiye aliyeipa jina kreni inayopakua makontena bandarini.