Kuongeza vimeng'enya si kutibu figo

Wagonjwa wa sukari hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nyawera, huambiwa kwamba unga wa antioksidanti (vitu vinavyotuliza molekuli kali za oksijeni) unakinga figo kwa kuwa "unaongeza vimeng'enya", yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Nusu yake ni kweli. Sukari ikikaa juu miaka mingi, seli za figo hujaa molekuli kali za oksijeni, na vimeng'enya kama superoksidi dismutasi na katalasi ndivyo huzituliza. Watafiti huvipima kuona kama vinaweza kuashiria figo inayoanza kuharibika.

Lakini kiashiria si dawa. Tena kimeng'enya ni protini: ukikimeza, tumbo linakisaga kama maharagwe. Hata bardoxolone, dawa halisi inayoamsha kinga hiyo ndani ya seli, ilipojaribiwa kwa wenye sukari na figo zilizodhoofika sana, jaribio la BEACON lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu moyo ulishindwa kwa watu wengi zaidi kati ya waliopewa dawa kuliko kati ya waliopewa dawa bandia.

Labo iombwe kitu cha kawaida kabisa: albumini (protini inayovuja figo ikiharibika) ya mkojo ikilinganishwa na kreatinini (taka ambayo figo huichuja), na kreatinini ya damu, kila mwaka. Albumini ya mkojo ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini (30 mg/g), rudia kipimo kabla ya kuogopa. Mwenye sukari aina ya 2 huanza kupima mara tu ugonjwa unapogunduliwa, hata kama miguu haijavimba.