Je, wajua kwa nini saratani itokanayo na kazi huonekana ghali zaidi Ulaya kuliko Afrika?

Katika majedwali ya gharama za saratani zinazosababishwa na kazi, nchi tajiri hukaa juu na nchi maskini chini. Wengi huhitimisha kwamba viwanda vya Ulaya ndivyo hatari zaidi, au kwamba fedha hizo ni bili za hospitali. Yote mawili si sahihi.

Matibabu ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni thamani ya miaka ya uhai na afya iliyopotea, na hapo ndipo pengo la kanda huzaliwa. Mara nyingi wachumi huupa kila mwaka uliopotea thamani ya wastani wa pato la mtu mmoja katika nchi husika. Tuseme mafundi wawili walivuta vumbi lilelile la asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mapaa) na kila mmoja akapoteza miaka 15. Kwenye wastani wa dola 50,000 hasara itaandikwa dola 750,000. Kwenye wastani wa dola 2,000, dola 30,000. Mzigo ni mmoja, mawe ya mizani ndiyo tofauti. Ndiyo maana ni haki zaidi kulinganisha kwa asilimia ya pato la taifa, au kwa miaka yenyewe bila kuigeuza fedha. Makadirio ya 2017 yaliyoshirikisha Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliweka gharama ya Umoja wa Ulaya kwenye euro bilioni 119.5, takriban asilimia 0.8 ya pato lake.

Lakini asilimia nayo hutegemea wagonjwa walivyohesabiwa. Mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, huelekeza kidole moja kwa moja kwa asbesto. Saratani ya mapafu haina alama hiyo: iliyoletwa na sigara na iliyoletwa na vumbi la silika (vumbi la mawe na mchanga) huweza kufanana kabisa kwenye darubini. Hivyo hukadiriwa kwa uwiano. Kati ya wafanyakazi 1,000, tuseme 100 wanavuta silika na hatari yao ni maradufu. Ikiwa kwa kawaida mtu 1 kati ya 100 huugua, wale 900 watatoa wagonjwa 9 na wale 100 watatoa 2. Kati ya hao 2, mmoja angeugua hata bila silika, hivyo mgonjwa 1 kati ya 11 ndiye wa kazi, karibu asilimia 9. Ukikosea idadi ya wanaovuta vumbi, hesabu yote inakwenda upande.

Halafu kuna muda. Mesotelioma huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 50 kujitokeza, kwa hiyo Umoja wa Ulaya, ambao marufuku yake ya asbesto ilianza kutumika kote mwaka 2005, bado unalipia vumbi la zamani. Penye asbesto inayotumika leo, gharama nyingi hazijafika kwenye jedwali lolote. Na zikifika huenda zisionekane: daktari akiandika tu “mstaafu” bila kuuliza kazi za miaka 40 iliyopita, mgonjwa huyo huingia kwenye hesabu ya kazi kama sifuri.