"Gitaa ni la walevi" na maneno mengine yanayofungia watu mlango wa muziki

Hapa Lubumbashi, ukimwambia mtu kwamba shule ya muziki ya mtaa inapokea watoto, wafanyakazi na wazee kwa ada ndogo, majibu huwa ni yaleyale. Tuyapime, maana mengine yana chembe ya ukweli.

"Gitaa ni la walevi."
Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville (Likasi ya leo), aliwahi kufanya kazi benki na Gécamines, kampuni ya madini. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Gitaa halikumzuia kwenda kazini. Ni kweli wanamuziki wengi hupata riziki yao kwenye baa, na mzazi ana haki ya kuuliza somo linafanyika wapi na linaisha saa ngapi. Aulize, kisha amwache mtoto ajifunze.

"Mimi sina sikio."
Hili ndilo linalofukuza wengi, na ndilo lenye msingi mdogo kuliko yote. Wapo watu ambao kweli ubongo wao hautofautishi sauti ya juu na ya chini, lakini hawafiki 5 katika kila 100. Waliobaki hawajafundishwa kusikiliza, basi.

Chukua gitaa. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye nafasi ya tano shingoni, uupige pamoja na uzi wa tano ulioachwa wazi. Kama haijalingana, utasikia sauti inayumba: wa-wa-wa-wa. Zungusha ufunguo wa uzi wa tano taratibu. Kuyumba kunapungua kasi, waa… waa…, kisha kunakwisha. Hapo zimelingana. Endelea hivyohivyo hadi uzi wa kwanza, ila uzi wa tatu unabonyezwa nafasi ya nne ili kupata sauti ya uzi wa pili. Aliyesikia kuyumba kule ana sikio la kutosha kuanza.

Halafu kuna wale wanaotaja noti papo hapo bila msaada wa chombo. Uwezo huo hupatikana karibu wote utotoni, sawa, lakini bendi haiuhitaji. Inahitaji mtu anayesikia umbali kati ya noti moja na nyingine, na hilo hufundishika hata kichwa kikiwa na mvi.

"Nimechelewa" au "bado ni mdogo."
Mtu mzima huelewa haraka, vidole ndivyo vinavyochelewa, na adui wake mkubwa ni aibu ya kukosea mbele ya watoto. Mtoto wa miaka minne aanze na kuimba, kupiga makofi na ngoma. Gitaa dogo la robo au nusu linakuja baadaye. Tarumbeta na klarineti zingoje meno ya mbele ya ukubwani.

"Bei ndogo, mwalimu ovyo."
Ada inashuka kwa sababu saa moja ya mwalimu inagawanywa na watu wanane, vyombo ni vya shule, na mwanafunzi wa zamani anamsaidia mgeni. Kikundi kina faida yake: ukiharakisha mdundo, wenzako wanakuumbua mara moja. Kwa violini, hata hivyo, kikundi peke yake hakitoshi. Mkono ukizoea kushika upinde vibaya, kuunyoosha ni kazi ya miezi, kwa hiyo hakikisha mwalimu anampa kila mtu dakika zake.

"Lazima kwanza ninunue chombo."
Orkestra ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Kimbangu) ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na violini chache zilizopokezanwa kwa zamu. Uzi ulipokatika, waliwahi kutumia waya wa breki ya baiskeli. Sikushauri uuweke kwenye violini ya watu, lakini ujumbe umefika. Wa kinanda cha umeme ndio wenye shida ya kweli, kwa sababu ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Mkijiandikisha, ulizeni mambo mawili: kama kuna vyombo vya kuazima kwenda navyo nyumbani, na umeme ukikatika darasa la kinanda linafanya nini. Shule iliyojipanga itajibu bila kufikiri: siku hiyo ni solfeji, yaani kusoma noti kwa sauti, na kuimba.