Japani: si wingi wa wagonjwa, ni wingi wa vitanda

Mkoa wenye watu wengi wanaopokea msaada wa serikali kwa maskini na waliolazwa hospitali za akili hudhaniwa kuwa na wagonjwa wengi zaidi, au wapenda vya bure. Kwa Japani, hoja hiyo haisimami. Anayepokea msaada huo halipii matibabu, awe mkoa wa Kagoshima au wa Kanagawa. Kinachotofautiana ni vitanda vya hospitali za akili: kwa kulinganisha na idadi ya watu, Kagoshima inavyo tele, Kanagawa vichache. Tangu 1960 hospitali binafsi zilijijenga kwa mikopo nafuu ya serikali, na kitanda kitupu, tuseme ukweli, hakiingizi pesa. Tena wapo walioanza kupokea msaada wakiwa wodini tayari, akiba imeisha, ndugu wamechoka. Baadhi wangeweza kuruhusiwa, ila hawana pa kwenda.